Seth Kane Kwei: Seremala wa Masanduku ya Methali

Seth Kane Kwei alikuwa seremala wa majeneza katika mji wa Teshie, pwani ya Ghana. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, nchi hiyo ikiwa bado koloni la Waingereza na ikijulikana kama Pwani ya Dhahabu, akafariki mwaka 1992. Katika uhai wake aliunda majeneza yenye maumbo ya samaki, mitumbwi, kuku, vitunguu, magari na ndege, na kila umbo lilieleza jambo fulani kumhusu marehemu aliyelazwa ndani yake. Katika lugha ya Ga, ambayo ndiyo lugha ya wenyeji wa Teshie, majeneza ya aina hii huitwa abebuu adekai, yaani masanduku ya methali. Jina hilo peke yake latosha kumfanya mwanafunzi wa fasihi atue na kutafakari. Methali aghalabu hutamkwa. Kule Teshie ilichongwa kwa patasi, ikapakwa rangi, ikabebwa mabegani na kuzikwa siku iyo hiyo.

Maisha ya Kane Kwei yamezoeleka kusimuliwa kama kisa cha mtu mmoja aliyepata wazo ambalo halikuwahi kumjia mwingine. Kisa hicho ni kitamu, ila kinapunguza ukubwa wa kazi aliyoifanya. Fundi huyu alikuta lugha ya ishara iliyokuwa milki ya machifu, akaifikisha kwa wavuvi, wakulima na wanawake wa sokoni. Hapo ndipo penye uzito wa maisha yake.

Mji na Koloni

Teshie ni mmojawapo wa miji ya kale ya Waga iliyojipanga ufuoni mwa Ghuba ya Guinea, pamoja na Accra, Osu, La, Nungua na Tema. Wadenmaki walijenga ngome mjini humo mwaka 1787, wakaiita Augustaborg. Mwaka 1850 waliwauzia Waingereza ngome zao zote za pwani hiyo, na mwaka 1877 Waingereza wakayahamishia Accra makao makuu ya koloni lao. Teshie, mji wa watu walioishi kwa bahari, ukajikuta jirani ya mji mkuu wa kikoloni, na kila lililozuka Accra halikuchukua muda kufika huko.

Yako mambo matatu ya enzi hiyo yanayofaa kukumbukwa ili kazi ya Kane Kwei ieleweke. La kwanza ni kakao. Mwaka 1879 Tetteh Quarshie, fundi wa chuma wa jamii ya Ga, alirejea kutoka kisiwa cha Fernando Po akiwa na mbegu za kakao, akazipanda Mampong katika milima ya Akuapem. Kufikia mwaka 1911 Pwani ya Dhahabu ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza duniani katika uzalishaji wa zao hilo. Tunda la kakao likawa ishara ya utajiri iliyofahamika na kila mtu, hata yule asiyekuwa na shamba.

Jambo la pili ni maziko yenyewe. Zamani Waga waliwazika jamaa zao chini ya sakafu za nyumba walimoishi, ili waliotangulia wasiwe mbali na waliobaki. Mwishoni mwa karne ya 19 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku desturi hiyo kwa kisingizio cha afya ya umma, ikaagiza watu wazikwe makaburini nje ya makazi. Amri hiyo ilipingwa, ikakwepwa, na hatimaye ikazoeleka. Athari yake moja ni kwamba maiti sasa ilibidi itoke nyumbani na kupitishwa njiani mbele ya macho ya watu. Safari ya kutoka uani hadi makaburini ikawa sehemu kubwa ya mazishi, na jeneza likawa kitu cha kutazamwa na umma.

La tatu ni uwanja wa ndege wa Accra. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili uwanja huo ulikuwa kituo muhimu cha majeshi ya Uingereza na Marekani, na baada ya vita ukaendelea kutumiwa na ndege za abiria. Ndege hizo zilionekana na watu wa Teshie zikishuka na kupaa, ingawa ni wachache mno waliotarajia kuzipanda maishani mwao.

Machela ya Chifu

Machifu wa Ga walikuwa na desturi ya kubebwa kwa machela katika sherehe kubwa. Baadhi ya machela hizo hazikuwa viti vya kawaida. Zilichongwa kwa maumbo yaliyowakilisha nembo za koo, kama vile simba, jogoo au kaa, na umati ulipomwona chifu ameketi ndani ya mnyama huyo ulitambua mara moja ni wa ukoo gani na ana mamlaka gani. Hii ilikuwa lugha kamili ya ishara yenye kanuni zake. Haikuwa ruhusa kwa kila mtu kuitumia, na nembo ya ukoo mmoja haikuazimwa na mwingine.

Kane Kwei alikuwa seremala kijana katika mazingira hayo. Kwa mujibu wa masimulizi ya ukoo wake, mwanzoni mwa miaka ya 1950 chifu mmoja aliagiza machela yenye umbo la tunda la kakao, akitaka kubebwa nayo katika sherehe. Machela ilitengenezwa, lakini chifu akafariki kabla ya siku yenyewe kuwadia. Wafiwa waliona si vyema kazi ile ipotee bure, nayo machela ikageuzwa kuwa jeneza. Kiti kilichokusudiwa kumpitisha chifu mbele ya watu wake kikampeleka kaburini.

Tukio la pili lilimgusa Kane Kwei mwenyewe. Mwaka 1951 nyanya yake alifariki. Bibi kizee huyo hakuwahi kupanda ndege, lakini katika siku zake za mwisho alipenda kuzitazama zikipita juu ya mji na kuzungumza juu yake. Mjukuu wake alimuundia jeneza lenye umbo la ndege, na hilo ndilo alilozikiwa. Tofauti kati ya matukio haya mawili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Chifu alikuwa na haki ya machela, kwa hiyo kuzikwa ndani yake hakukuvunja mpaka wowote. Nyanya wa seremala hakuwa na haki ya namna hiyo. Alikuwa mwanamke wa kawaida, na umbo aliloundiwa halikuwa nembo ya ukoo wala alama ya cheo. Lilikuwa tamanio lake binafsi.

Mwaka huo huo wa 1951 ulikuwa wa msukosuko mkubwa katika koloni. Mwezi Februari chama cha Kwame Nkrumah kilishinda uchaguzi, na kiongozi huyo akatolewa gerezani moja kwa moja kwenda kuongoza shughuli za serikali chini ya gavana. Mnamo Machi 6, 1957 Pwani ya Dhahabu ikapata uhuru na kuitwa Ghana. Haihitajiki kumfanya Kane Kwei mwanasiasa ili kuuona uhusiano uliopo. Watu wa kawaida walikuwa wakijifunza kudai nafasi iliyokuwa ya wakubwa peke yao, na wateja waliobisha hodi katika karakana ya Teshie walikuwa sehemu ya umma huo huo.

Kazi ya Karakana

Baada ya maziko ya nyanya yake, majirani walianza kufika kwa Kane Kwei na maombi yao. Jamaa wa mvuvi waliomba samaki au mtumbwi. Watoto wa mama aliyelea familia kubwa waliomba kuku aliyezungukwa na vifaranga. Mkulima wa vitunguu alizikwa ndani ya kitunguu, na mfanyabiashara aliyefanikiwa akaundiwa gari la Mercedes-Benz. Karakana ikawa mahali ambapo wafiwa walikaa na fundi wakatafuta pamoja neno moja la kumweleza marehemu. Mazungumzo hayo yalikuwa sehemu ya sanaa yenyewe, kwa kuwa umbo lilipaswa kukubaliwa na ukoo kabla ya mti kuguswa.

Kazi iliyofuata ilifanywa kwa mikono na kwa vifaa vya kawaida vya useremala: msumeno, tezo, randa, patasi na nyundo. Mbao za mti mwepesi uitwao wawa ziliunganishwa hadi zikatoa umbo la jumla, kisha zikachongwa na kulainishwa kwa msasa. Baadaye zilipakwa rangi kali zinazoonekana kwa mbali, na ndani pakatandikwa kitambaa. Sehemu ya juu iliachwa iwe kifuniko. Wateja hawakuwa na muda mrefu wa kusubiri, maana maiti ilikuwa imehifadhiwa na siku ya mazishi ilikwisha kutangazwa. Fundi alifanya kazi akijua kwamba matunda ya jasho lake yangetazamwa kwa saa chache tu kabla ya kufukiwa.

Imani ya Waga ndiyo iliyozipa nguvu kazi hizi. Kwao kifo si mwisho wa mtu. Aliyekufa huendelea kuishi katika ulimwengu mwingine, ambako huweza kuendelea na shughuli aliyoifanya hapa, na nguvu zake juu ya walio hai huongezeka. Kumzika vizuri, basi, ni kumheshimu na vilevile kujitafutia radhi yake. Jeneza la umbo la mtumbwi lilimtambulisha mvuvi kwa wale waliomtangulia na kumpa chombo cha safari.

Hata hivyo, uhuru wa kuchagua umbo ulikuwa na mipaka. Maumbo ya upanga na kigoda yalihusiana na utawala na ukuhani wa jadi, na nembo za koo zilibaki kuwa za wenye koo hizo. Kane Kwei aliupanua usemi wa machela bila kuivunja miiko yake. Kwa upande mwingine, yalikuwepo makanisa yaliyoyatilia shaka majeneza haya kwa kuyaona kuwa mabaki ya dini ya jadi, na hayakuruhusu yaingizwe katika ibada. Umbo lililokubalika kwa urahisi zaidi lilikuwa lile la Biblia. Familia nyingi za Teshie zilikuwa za Kikristo na wakati huo huo zilishikilia mila za wazee wao, kwa hiyo uchaguzi wa jeneza ulizilazimu kuamua jambo ambalo maishani lingeweza kuachwa bila kuamuliwa. Ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya mtu: kanisa, ukoo, au kazi aliyoifanya kwa mikono yake?

Swali la Mtunzi wa Kwanza

Kwa muda mrefu Kane Kwei alitajwa kuwa ndiye mwanzilishi pekee wa sanaa hii. Dai hilo limepata changamoto kutoka mji jirani wa La. Huko aliishi Ataa Oko, aliyezaliwa takriban mwaka 1919 na kufariki mwaka 2012, ambaye alisema kwamba alianza kuunda majeneza ya maumbo karibu mwaka 1945, yaani miaka kadhaa kabla ya jeneza la ndege. Ipo picha ya takriban mwaka 1960 inayomwonyesha akiwa na mkewe kando ya jeneza lenye umbo la meli ya vita. Mwanaanthropolojia Regula Tschumi, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waga kuanzia miaka ya 2000, ameonyesha kwamba asili ya majeneza hayo imo katika machela za machifu, na kwamba mafundi zaidi ya mmoja walikunywa katika kisima hicho.

Wanafunzi wa fasihi simulizi hawatashangazwa na hali hii. Utanzu wa jadi hauna hati ya kuzaliwa. Fanani hurithi kanuni, akazitumia mbele ya hadhira yake, na pale anapozitumia kwa ustadi, hadhira humwona kama aliyezibuni. Kumtafuta mtunzi mmoja wa kwanza ni tabia ya uchapishaji na ya soko la sanaa, ambako jina la msanii ndilo linalopandisha bei. Watu wa La na wa Teshie walioyabeba majeneza hayo hawakuhitaji jina hilo ili wamlilie mfu wao.

Pamoja na hayo, si haki kulifuta jina la Kane Kwei kwa sababu hakuwa peke yake. Alilofanya yeye, na ambalo lina ushahidi wa wazi, ni kuigeuza kazi hii kuwa taasisi. Karakana yake ilipokea wanagenzi mwaka baada ya mwaka, wakajifunza kwa kutazama na kushika kazi, kisha wakatoka kwenda kujitegemea. Aliyevuma zaidi miongoni mwao ni Joseph Tetteh Ashong, maarufu kama Paa Joe, ndugu wa ukoo wake, aliyejifunza chini yake kwa miaka mingi na kufungua karakana yake Nungua mwaka 1976. Fani iliyokuwa ya fundi mmoja mmoja ikawa na shule, na shule hiyo ilikuwa Teshie.

Jeneza Lisilo na Maiti

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi za Kane Kwei zilivuka bahari. Vivian Burns, mwenye nyumba ya sanaa huko California, alizipenda na kuziagiza, na jeneza moja la umbo la tunda la kakao, lililoundwa takriban mwaka 1970, likaingia katika makumbusho ya sanaa ya San Francisco. Mwaka 1989 majeneza ya Kane Kwei yalionyeshwa Paris katika maonyesho ya Magiciens de la terre, yaliyoandaliwa na Jean-Hubert Martin na kuwakutanisha wasanii wapatao 100 kutoka pande zote za dunia. Seremala wa mji mdogo wa Ghana akawekwa bega kwa bega na wasanii mashuhuri wa Ulaya na Marekani.

Heshima hiyo alistahili, ila ilikuja na mabadiliko ambayo hayafai kupuuzwa. Jeneza la makumbusho halina maiti. Halikutokana na kikao cha wafiwa, halikubebwa mabegani, wala halikuzungushwa mitaani kumwaga marehemu. Wakusanyaji wa sanaa walitaka mbao ngumu zitakazodumu, ilhali mteja wa Teshie alitosheka na mti mwepesi kwa kuwa udongo ungeumaliza hata hivyo. Umbo lilibaki lile lile, lakini muktadha uliolipa maana ukaachwa nyuma. Ni sawa na methali iliyochapwa katika kamusi pasipo tukio lililosababisha itamkwe. Msomaji huyaona maneno yake yote, lakini hajui nani alimwambia nani, na kwa nini.

Ukweli mwingine ni kwamba fedha na sifa za ng'ambo ziliisaidia karakana, na pengine zilichangia kuufanya ufundi wenyewe uheshimiwe zaidi nyumbani. Kane Kwei hakuacha kuwaundia jirani zake majeneza baada ya kujulikana Paris. Alizihudumia hadhira mbili kwa wakati mmoja, moja ikimwita msanii na nyingine ikimwita fundi, na hakuna ushahidi kwamba aliiona ya pili kuwa duni.

Urithi wa Ukoo

Kane Kwei alipofariki mwaka 1992, karakana ilibaki mikononi mwa ukoo. Iliendeshwa kwanza na wanawe, na kuanzia mwaka 2005 mjukuu wake, Eric Adjetey Anang, akashika usukani. Kizazi hicho cha tatu kilifundisha na kuonyesha kazi zake katika nchi mbalimbali. Maumbo mapya yaliongezeka kadiri maisha ya wateja yalivyobadilika, kwani mtu wa karne ya 21 hafanyi kazi zile zile za mvuvi wa mwaka 1951. Lililoendelea bila kubadilika ni swali ambalo wafiwa huulizwa wanapofika: marehemu wenu alikuwa nani?

Mtafiti anayetaka kuisoma kazi ya Kane Kwei anakabiliwa na ugumu wa pekee. Majeneza yanayoweza kuonekana leo ni yale machache yaliyotengenezwa kwa ajili ya makumbusho na wakusanyaji, ambayo hayakutumika kwa kazi iliyokusudiwa. Yale yaliyotumika, ambayo ndiyo mengi, yaliingia ardhini Teshie na katika miji jirani, na hayawezi kurejeshwa. Yamebaki katika kumbukumbu za walioyabeba, katika picha za mazishi zilizohifadhiwa na familia, na katika mikono ya wanagenzi waliofunzwa kuyaunda. Nyenzo hizo ndizo ambazo wataalamu wa fasihi simulizi wamezoea kuzitegemea wanapotafiti utendaji uliokwisha kupita. Mvuvi aliyezikwa ndani ya samaki hakuacha kitabu wala sanamu, lakini siku moja mji mzima ulisimama kandokando ya njia ukamsoma.